Majani Kutoka Kapwasa

Umeme wa kuaminika hufika kwenye maabara ya kilimo alasiri, ofisi za jirani zikishafungwa na vipoza hewa vyake kuzimwa. Kwa hiyo Marceline alikuwa amejizoesha kuiacha kazi yake kubwa mpaka jioni. Asubuhi alisaga majani makavu ya nyanya kwenye kinu kidogo cha kaure, akayatia dawa, akayazungusha kwenye mashine mpaka takataka zikashuka chini na maji yenye vinasaba yakabaki juu. Mchana aliyatia kwenye mashine ya kuzidisha, ile inayochukua kipande kidogo cha DNA na kukitoa nakala chungu nzima. Jioni alimimina jeli, akaiacha igande, akajaza sampuli kwenye vishimo vyake, akawasha umeme, kisha akavuta kigoda akakaa kungoja.

Kungoja ndiko kazi yenyewe. Umeme huvuta vipande vya DNA ndani ya jeli. Vifupi hutangulia na virefu husuasua nyuma, na mwishoni, chini ya taa ya zambarau, kila nyanya huonyesha mistari yake. Nyanya mbili zenye mistari ileile ni mbegu moja hata kama sokoni zinaitwa majina tofauti. Nyanya ambayo mistari yake haifanani na ya mwenzake yeyote ina historia yake, na mtu mwenye subira anaweza kuifuata.

Swali lilikuwa jepesi kulisema: katika bustani za Lubumbashi na vijiji vya kandokando, kuna aina ngapi za nyanya kwa kweli? Wanawake wa sokoni walikuwa na majina mengi, na kila mmoja aliapa kwamba yake ni ya kwao, ya tangu zamani. Jeli iliwaumbua bila huruma. Karibu zote zilikuwa mbegu ileile ya pakiti, imezunguka mji mzima ikibatizwa upya kila mtaa.

“Majina iko mingi, tomati iko moja,” alisema Profesa Godefroid, mkuu wa maabara, na siku hiyo hakumaliza chai yake.

Ndipo ikafika zamu ya majani ya Kapwasa. Kapwasa ilikuwa kijiji, mbali kidogo na barabara ya Kasomeno, juu ya kilima ambacho baadaye watu wa machimbo waligundua kina shaba. Wakazi walihamishwa, wengine Kasomeno, wengine mjini. Nyumba zilikuwa za udongo, na nyumba ya udongo ikishatolewa paa haichukui muda kurudi kuwa ardhi. Marceline alipita pale wakati wa kiangazi akitoka kukusanya sampuli, akapanda kilima kwa sababu bibi yake mzaa mama alizikwa huko. Pale lilipokuwa jiko la bibi huyo alikuta nyanya zimeota zenyewe, ndogo, zenye mabonde mgongoni, zimezaa bila kutunzwa na mtu. Alichuma majani machache akayafungia kwenye mfuko wenye punje za kukaushia. Muda si mrefu kampuni ikazungusha uzio, na tangu hapo hakuna mtu wa nje aliyeingia.

Jioni alipoyapima kwa mara ya kwanza, mistari ya Kapwasa ilikaa peke yake. Haikufanana na ya pakiti wala na ya bustani yoyote. Marceline aliinama kuitazama vizuri, na wakati ameinama mlango wa chumba cha baridi ukafunguka, akatoka bibi yake, Chilufya, amevaa kitenge cha buluu na nyeupe cha akina mama wa parokia, kile alichozikwa nacho. Miguuni alikuwa na vumbi jekundu.

Mtu aliyefundishwa maabara akiona kitu kisichotakiwa kuwapo, kwanza hufikiri uchafu. Labda mkono wake umegusa, labda sampuli zimechanganyika. Kwa sababu hiyo daima kuna kishimo kimoja cha maji matupu, ambacho hakitakiwi kuonyesha chochote. Marceline alikitazama kishimo hicho. Kilikuwa safi. Basi akasimama, akakunja goti kidogo na kumsalimia kwa Kiswahili cha kwao, ambacho bibi huitwa kambo.

“Yambo, kambo.”

“Yambo sana, mbanda yangu. Umekonda. Banakulisha nini huku?”

Kwao bibi na mjukuu wa kike huitana wake wenza kwa utani, na Chilufya hakuwa ameuacha utani wake. Alikaa kwenye kigoda, akakitazama kile kisahani cha jeli kinachong'aa.

“Nilisikia munaniita,” alisema.

“Sikukuita, kambo. Nilikuwa napima tomati.”

“Njo kuita vile,” alisema bibi, maana kwake kupima huko ndiko kuita.

Waliongea habari za nyumbani: nani ameoa, nani amezaa, nani bado anakunywa. Umeme wa jeli ulipozimwa, Chilufya alijifunga kitenge vizuri, akaaga, akarudi alikotokea. Marceline alifungua mlango wa chumba cha baridi kuangalia. Kulikuwa na friza na makasha yake, kama kawaida. Alifurahi sana, na usiku ule alilala vizuri kuliko siku nyingi.

Asubuhi alimweleza Godefroid. Profesa alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya koti lake jeupe.

“Alikuya mara ngapi?”

“Mara moja, Prof.”

“Mara moja haisemi kitu. Répète.”

Hapo ndipo lilipofanyika kosa, na halikuwa kosa la ujinga. Lilikuwa kosa la watu waliosomeshwa vizuri. Jambo lililoonekana mara moja huenda ni bahati. Lazima lirudiwe, kisha lirudiwe tena, ndipo mtu athubutu kulisema mbele za watu. Marceline alirudia jinsi alivyozoea kurudia kila kitu, na kwa kuwa safari hii Godefroid alitaka alama nyingi zaidi za DNA, alisaga majani yote yaliyobaki. Hakufikiria lolote. Majani yalikuwa yake, na kazi ilikuwa kazi.

Chilufya alikuja tena. Godefroid alimpa mkono, akamtafutia kiti chenye mgongo, akamuuliza alivyokuwa akitunza mbegu zake. Bibi akaeleza. Nyanya iliyoiva zaidi haikuliwa. Ilikamuliwa, na mbegu na maji yake zikapakwa kwenye ukuta wa jiko, mahali moshi unapopita, zikaganda hapo mpaka mvua za kwanza. Alifanya hivyo kwa sababu mama yake alifanya hivyo, na mama wa mama yake. Msichana akiolewa Kapwasa alibandua kipande cha ukuta wa kwao akaenda nacho. Hakuna aliyewahi kununua mbegu, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba mbegu hununuliwa.

“Donc ni banamuke njo balitunza hii ligne, hii ukoo ya mbegu,” alisema Godefroid, na macho yake yalikuwa yamelowa kwa furaha, maana alikuwa amepata alichokuwa akikitafuta.

“Sijue ligne,” alisema Chilufya. “Ni tomati ya kwetu.” Halafu akamgeukia mjukuu wake, na utani ukamtoka usoni. “Mbanda yangu, bantu ba mungodi bamesimika biti byekundu. Kimoja kiko pale pa kichwa yangu. Nililala, niko na amani. Sipendi banichimbule. Museme na bale bantu.”

Marceline aliahidi kusema na watu wa machimbo juu ya vijiti vyao. Bibi alipoondoka, aliinua kichupa cha DNA ya Kapwasa kwenye mwanga ili akirudishe friza, akaona kilichobaki ndani. Kilitosha mara moja tu. Majani yalikuwa yamekwisha, na kilima kilikuwa nyuma ya uzio.

Mama yake Marceline, Albertine, alikuwa akiishi mtaa wa Kamalondo, mjini, katika nyumba ambayo mumewe alikuwa ameiachiwa na babake, mtu wa reli. Kila siku alipanga mafungu ya mboga mbele ya uwanja wake, jirani na fundi cherehani, akauza mpaka jua lilipopoa. Chilufya alipofariki, Albertine alikuwa hospitalini, amepasuliwa tumbo, na ndugu walikubaliana kumficha habari mpaka kidonda kifunge. Walipomwambia, mama yake alikuwa tayari chini ya udongo. Hakuuona uso wake, hakulia pamoja na wengine, na watu waliomwonea huruma ndio aliowachukia zaidi. Miaka ilipita, lakini jambo hilo halikupita.

Marceline alimkuta akichambua mchicha wa lenga-lenga. Alimweleza yote, hata la kichupa.

“Imebakia mara moja tu, mama. Ukitaka, kesho unakuya mu labo, unamuona.”

Albertine aliendelea kuchambua. Alitenga majani yaliyotobolewa na wadudu, akayatupa pembeni.

“Na ile commission?”

Albertine alikuwa amesikia habari ya tume, kama watu wote wa Kapwasa waliokuwa mjini. Kampuni ilitaka kupanua shimo mpaka kilele cha kilima. Familia zilisema kuna makaburi. Kampuni ilijibu kwamba kilima kile kilikuwa pori tangu hapo, hapakuwahi kukaa mtu, na hizo nyanya zinazosemwa zililetwa na ndege. Tume ikaundwa kusikiliza pande zote mbili. Godefroid alikuwa amekwisha kuiandikia kwamba marehemu huja jeli ikipimwa, na kwamba nyanya haijitengi hivi na wenzake kwa kuangushwa na ndege. Imetengwa na mikono ya watu, vizazi kwa vizazi. Tume ilijibu kwa heshima kwamba ingependa kuona kwa macho yake.

“Commission inataka kuona,” alisema Marceline. “Lakini tukiipima mbele yao, itakwisha. Na ndugu ya marehemu haruhusiwi kuingia. Miye tu, juu ya mashini.”

Fundi cherehani alikuwa akishona upande wa pili wa ukuta. Albertine alifunga fungu la mboga kwa kamba ya mgomba, akalifungua, akalifunga tena.

“Kama ninamuona mu labo, nitalia,” alisema mwishoni. “Nitalia, atarudia kule, kisha batamuchimbula. Itatusaidia nini? Peleka ku commission. Bakikubali, kaburi itabakia. Miye nitamuona kule, mpaka siku nitakufa.”

“Mama, fikiri kwanza.”

“Nimefikiri. Toka pale unanifunika mboga.”

Tume ilikuja jioni, wanaume kwa wanawake, wamevaa makoti meupe ya kuazima. Mwenyekiti, Bwana Émile, alikuwa mstaafu mpole, aliyemwuliza Marceline kama kemikali zinadhuru mapafu. Mwanasheria wa kampuni aliitwa Gaëlle. Alikuwa kijana, mwenye sauti laini, na alimsalimia kila mtu aliyekuwamo mpaka mfagizi. Émile alimkumbusha Marceline kwamba amekubaliwa kuwapo kwa sababu ya ufundi wake peke yake, na kwamba kwa kuwa ni mjukuu hana ruhusa ya kusema neno. Marceline akaitikia kwa kichwa, akamimina kichupa chote kwenye kishimo mpaka tone la mwisho.

Mistari ilipoanza kutengana, mlango wa chumba cha baridi ulifunguka. Watu wa tume walisimama, kama inavyotakiwa mzee akiingia. Chilufya aliwasalimia mmoja mmoja. Kisha akatupa macho chumbani, huku na huku, kama mtu anayetafuta mwenyeji wake.

“Albertine eko wapi?”

Marceline aliuma mdomo. Émile alikohoa.

“Mama Chilufya, karibu, ukae,” alisema. “Tuko na maulizo kidogo tu.”

Alikaa, akajibu yote. Alitaja waliokuwa majirani zake, na mto, na njia ya kwenda kisimani. Alieleza habari ya ukuta wa jiko. Alieleza anapolala: kichwa kuelekea mto, miguu kuelekea njia, mume wake upande wa kuume. Godefroid alionyesha picha ya jeli, akaeleza kwamba mistari hii haipo kwingine kokote katika mkoa, akasema, kwa kituo, kwamba sayansi na shahidi vinasema kitu kimoja. Émile aliitikia. Kila mtu aliona kwamba mambo yanakwenda vizuri. Marceline mwenyewe alianza kupumua.

Ndipo Gaëlle akaomba nafasi, akasogeza kiti chake karibu na bibi ili asilazimike kupaza sauti.

“Mama, pole na safari. Ulifika hapa na nani?”

“Na nani tena? Niko peke yangu.”

“Akuna mutu alikubeba? Akuna motokari?”

“Bakaniita, nikasimama, nikakuya,” alisema Chilufya, na akacheka kidogo. “Miguu iko yangu.”

“Na kurudia?”

“Vilevile. Nilikuyaka mara mbili tayari. Njia ninaijua.”

“Haikuchokeshe?”

“Mutoto, mufu anachoka nini?”

Watu wa tume walicheka kwa heshima. Gaëlle naye alicheka, akamshukuru, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Marceline alifungua mdomo, na Émile, bila ukali wowote, akainua kidole kumkumbusha. Jeli ilikuwa imefika mwisho wake. Chilufya alisimama, akajifunga kitenge, akamtazama mjukuu wake ambaye siku hiyo hakumjibu neno, akaingia chumba cha baridi na mlango ukafungwa.

Albertine hakuwa amelala wakati Marceline aliporudi. Alikuwa ameketi mlangoni, mafungu yake ya mboga yakiwa bado mezani.

“Alikuya?”

“Alikuya, mama. Alisema yote. Alisema muzuri sana.”

“Aliniuliza?”

Marceline angeweza kudanganya, na pengine ingefaa. “Alikuuliza alipoingia tu.”

“Mukamujibu nini?”

“Sikukuwa na ruhusa ya kusema.”

Albertine alinyanyuka akaanza kuyaingiza mafungu ndani. Alilia akiyabeba, bila kuficha uso, na Marceline akambebea mengine.

Uamuzi ulisomwa baada ya majuma kadhaa, katika ukumbi wa parokia moja uliokodiwa kwa kazi hiyo. Émile aliusoma taratibu, akitua mahali pa kutua. Tume ilikuwa imeridhika kwamba Kapwasa kilikuwa kijiji cha watu. Ilikuwa imeridhika kwamba nyanya za kilima kile ni mbegu ya pekee, iliyotunzwa na wanawake wa Kapwasa kwa vizazi, na ilitaka aina hiyo iandikwe rasmi kwa jina la kijiji. Ilikuwa imeridhika kwamba Mama Chilufya amezikwa pale alipoonyesha. Ilimshukuru marehemu kwa ushirikiano wake. Familia zilipiga vigelegele, na Albertine, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele, alifunga macho.

Émile aliomba utulivu, akaendelea. Kwa kuwa marehemu alidhihirisha mbele ya tume uwezo wa kusafiri mwenyewe, kwenda na kurudi, bila gari na bila msaada, na bila kuchoka kwa kauli yake mwenyewe, kampuni haikuwa na wajibu wa kumhamisha, wala kukaa kwake kilimani hakungekuwa kizuizi cha kazi. Uamuzi huo uliwahusu pia marehemu wengine wa Kapwasa, ambao hapakuwa na sababu ya kudhani kwamba ni dhaifu kuliko yeye. Waliombwa wote waondoke kabla ya mvua.

Mzee mmoja aliuliza watakwenda wapi, na Émile akasema hilo ni juu yao, tume haiwezi kuwachagulia watu wazima mahali pa kukaa. Gaëlle alikuja kumpa Albertine mkono, akamwambia kwamba mama yake ni mtu wa kustahiwa sana. Alisema kweli, na Albertine aliupokea mkono kwa sababu hakulelewa kukataa mkono wa mtu.

Godefroid alikata rufaa, akaambatisha picha za jeli. Alijibiwa kwamba picha zake hazipingwi na yeyote. Makala yake ilikubaliwa na jarida la nje, na ndani yake kuna mchoro wa matawi unaoonyesha nyanya zote za bustani za Lubumbashi zimesongamana upande mmoja, na Kapwasa peke yake upande wa pili. Kampuni ilimtumia pongezi. Marceline aliuona mchoro huo, akaenda nao dirishani kwenye mwanga, akajua kwamba ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na akaufungia kwenye droo.

Mitambo ilipanda kilima mwezi wa tisa. Watu wa Kasomeno waliokwenda kusimama kandokando ya uzio walisema ardhi ilitoka nyekundu mwanzo, halafu kijani, rangi ya mawe ya shaba. Waliwauliza madereva wa malori kama wamemwona mwanamke mzee wa kitenge cha buluu akishuka kilimani, au mtu mwingine yeyote mwenye mzigo. Madereva walijibu kwamba hawakuona mtu akiondoka.

Pamoja na yale majani, Marceline alikuwa ameleta kutoka Kapwasa nyanya moja iliyoiva, akampa mama yake kama mtu anavyoleta kitu cha njiani. Albertine alikuwa ameikamua kwenye ukuta wa jiko bila kumwambia mtu, mbegu zikaganda kwa moshi, na mvua za kwanza zilipoanza alizipanda kwenye ndoo zilizotoboka. Zikaota. Majani yake yalikuwa yale yale, na matunda yake yalikuwa madogo, yenye mabonde mgongoni.

“Sasa majani iko mingi,” alisema Albertine siku moja. “Si unaweza kuyasaga?”

Marceline alisema ataomba ruhusa, na Godefroid akaitoa kabla hajamaliza kuuliza.

Albertine alifika maabara alasiri, amesuka nywele, amevaa liputa, kitenge chake kizuri, na kiatu kinachombana. Alikuwa na kikapu. Alikuwa amesonga bukari, ugali wa kwao, na kupika samaki wa Kasenga kwa nyanya za ndoo, kwa sababu mama yake alikuwa amefika mjini mara tatu na hakuna aliyempa hata maji. Jambo hilo lilimwuma Marceline kuliko mengine yote, maana lilikuwa kweli. Walimweka Albertine kwenye kiti chenye mgongo, akaking'ang'ania kikapu magotini.

Umeme ulitulia. Marceline alijaza vishimo: majani ya ndoo za Kamalondo kishimo kimoja, pakiti kingine, maji matupu cha mwisho. Akawasha. Mistari ilianza kutengana, ikashuka polepole, na Godefroid akaleta picha ya zamani ya Kapwasa akaiweka kando ya mpya. Alikagua alama moja baada ya nyingine kwa ncha ya kalamu. Zilikuwa sawasawa, zote, bila hitilafu.

Mlango wa chumba cha baridi haukufunguka. Walingoja mpaka mistari ya vipande vifupi ikatoka nje ya jeli na kupotea kwenye maji. Hakuna aliyejua kama ni kwa sababu majani yalitoka kwenye ndoo au kwa sababu kilima kilikuwa kimechimbwa, na sayansi ya nyanya haina njia ya kupima hilo. Godefroid alizima umeme wa jeli.

“Njo ileile?” aliuliza Albertine.

“Njo ileile, mama. Akuna tofauti ata kidogo.”

“Unionyeshe.”

Marceline alileta picha. Albertine aliitazama kwa muda mrefu, akaigeuza, akaitazama tena.

“Hapa mama yangu eko wapi?”

Marceline alitazama mistari yote, mmoja mmoja, kana kwamba hakuwa ameizoea. “Hapa hayuko,” alisema.

“Nilisema nitamuona ku kaburi,” alisema Albertine. Alilisema mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kisha akairudisha picha na kuuliza maji ya kunawa yako wapi, kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa na Profesa alionekana hajala tangu asubuhi. Ni marufuku kula ndani ya maabara. Godefroid ndiye aliyesukuma vyombo pembeni na kuifuta meza. Albertine alifungua kikapu, akatoa sahani tatu. Ya nne aliiacha humo humo, akaifunika kitambaa.